Ushuhuda Niliourudisha Kanisani

Mwanangu Wairimu,

Salamu za kukuuliza hali nitaziruka, maana hali yako naiona kupitia mlango wa duka. Umekalia sanduku ili lifungike, na unatafuna chapati niliyosema ni ya safari. Kesho asubuhi unaondoka kwenda chuoni. Mambo ya sweta, ya maji ya kuchemsha na ya kuchunga simu nimeyasema mpaka siku hizi unayajibu kabla sijafungua mdomo, kwa hivyo humu hutayapata.

Ninaandika kwa sababu wewe mwenyewe uliwahi kuniambia, "Mami, wewe huongei na mtu, unamhubiria." Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikakubali, ingawa sikukwambia. Mkono wangu unaenda polepole kuliko mdomo wangu, na leo nataka kwenda polepole. Ni saa tisa mchana, nimefunga nusu ya mlango wa duka, na wateja wawili wameshapiga hodi kuuliza kama kuna msiba.

Hakuna msiba. Nina furaha kubwa. Lakini kuna jambo moja linalonikaba. Hujaingia kanisani tangu mwezi wa pili, na mtu aliyekutoa humo ni mimi mama yako. Ninachokiogopa zaidi ni kwamba uende huko mbali ukidhani Mungu ana tabia kama zangu. Tabia zangu unazijua. Ningekuwa mimi ndiye Mungu, watu wengi wa hapa Kitengela wangekuwa wameuhama mji wakaenda Rongai.

Nianze na kosa dogo, lile unalolijua, ili nipate nguvu ya kufika kwa kubwa.

Ulikuwa na miaka tisa kwaya iliponipa kazi ya kushona majoho ya Pasaka. Siku hizo nilijisifu kwamba jicho langu halihitaji tepu ya kupimia. Nikawaangalia wanakwaya wakipita hapo mlangoni mmoja mmoja, nikakata kitambaa. Jumapili ya Pasaka walipendeza ajabu, mpaka ule wimbo wa kuinua mikono. Walipoinua, nilisikia mishono ya makwapa ikiachia kuanzia sauti ya kwanza hadi besi. Mwalimu wa kwaya hakuelewa, akazidi kuwaashiria wainue zaidi. Wewe ulicheka mpaka ukateleza chini ya benchi, na babako, ambaye huwa hacheki kanisani, alitoka nje akijifanya amepigiwa simu.

Mimi nikasema ni kitambaa. Nilimwambia mwenyekiti wa kwaya, nikamwambia mke wa mchungaji, na hata Mungu nilimwambia katika maombi ya jioni, kwamba vitambaa vya siku hizi ni vya bandia, vinasinyaa vikiona jua. Wiki nzima nilishikilia hivyo. Ijumaa ndipo majoho yaliporudi yote hapa nyumbani, tukakaa chini wewe na mimi, kila mtu na wembe wake, tukaanza kufumua. Ukaniuliza, "Mami, si ulisema ni kitambaa?" Nikakwambia ukweli, kwamba sikupima mtu hata mmoja. Ukasema, "Haya," ukaendelea kufumua huku unaimba. Uongo ule nilikuwa nimeubeba siku tano kama gunia la viazi, na wewe uliupokea kana kwamba nimekupa kijiko.

Nimekuwa fundi miaka ishirini na mitatu, na nikikwambia mahali nilipojifunzia imani, utashangaa. Si kwenye mikesha. Ni kwenye kufumua. Fundi akishona vibaya ana njia mbili. Anaweza kupiga pasi juu ya kosa lake, nguo ikalala vizuri, ikapendeza ikiwa imetundikwa. Au anaweza kuchukua wembe aanze upya, na chakula cha mchana akisahau. Ile ya pasi inadumu mpaka mteja akae chini. Nimewapigia watu wengi pasi katika maisha yangu, Wairimu, na Mungu pia nimempigia. Siku hizi nikigundua nimekosa huwa nasema, Bwana, hapa nimeshona vibaya, nishikie taa nifumue. Ni sala fupi, na ndiyo pekee ambayo sijawahi kuisema ili mtu anisikie.

Ungedhani baada ya majoho nilipona. Wapi.

Mwaka jana, Jumapili ya kuwaombea watahiniwa, watoto wa wenzangu walienda mbele na kalamu zao na rula ziombewe. Mimi nikaenda na koti. Koti jeupe la daktari, nililolishona siku tatu kwa siri, na mfukoni nikatarizi kwa uzi wa buluu: DKT. WAIRIMU. Nikakamata kipaza sauti, nikaliinua koti juu, nikasema Mungu amenionyesha. Kanisa lililipuka. Watu waliruka, mke wa mchungaji akapiga vigelegele, mimi nikalia machozi ya kweli. Halafu nikakutazama. Ulikuwa umeishika kalamu yako kwa mikono miwili, unaangalia viatu vyako.

Niliona. Nataka ulijue hilo, kwa sababu ningeweza kukwambia sikuona na ungeniamini. Niliona, na nikaendelea kuongea.

Hukuwahi kusema unataka udaktari wa watu. Tangu ukiwa mdogo ulikuwa unanisimulia ni ng'ombe yupi wa Mama Naisiae anachechemea, na mbuzi yupi amekataa mtoto wake. Ukitoka shule ulikuwa unapitia duka la dawa za mifugo, unasoma karatasi za chupa kama mtu anayesoma gazeti. Jirani yetu huyo wa Kimaasai, ambaye boma lake lilikuwa hapa kabla hata ploti zetu hazijakatwa, alikujua vizuri kuliko mimi niliyekuzaa. Mimi nilisikia hayo yote kama mchezo wa mtoto. Babangu alitaka niwe mwalimu, nikamtokea na cherehani, na mpaka anazikwa hakuwahi kuvaa shati nililomshonea. Nilidhani wewe ukivaa lile koti, hilo litafutika. Ulikuwa mzigo mzito sana kumtwika msichana wa kidato cha nne, na sikukuuliza kama shingo yako inauweza.

Mwezi wa kwanza matokeo yakaja. C+. Ni alama nzuri, ya mtoto aliyejitahidi, na leo ningeitundika ukutani. Lakini haikuwa alama ya koti. Sikukugombeza, na kwa muda mrefu nilijisifu kwa hilo. Nilinyamaza tu, nikaingia dukani, nikaanza kupiga pasi nguo ambazo nilikuwa nimeshazipiga asubuhi. Wewe ulisimama mlangoni na simu mkononi. Babako ndiye aliyekuja akakushika bega, akakwambia, "Umefanya kazi, msichana wangu." Mimi sikuinua kichwa.

Jumapili iliyofuata kanisani waliniuliza. Nikasimama na Biblia kwapani, nikasema kuna makosa, tumeomba karatasi zisahihishwe upya. Sijui maneno yale yalitoka wapi, yalitoka tu, yakiwa yamenyooka kabisa. Mchungaji akatangaza siku ya kufunga. Wairimu, watu wazima, wengine wana vidonda vya tumbo, walikaa na njaa kutwa nzima wakiombea karatasi ambazo hakuna mtu aliyekuwa anazisahihisha. Na mimi nikafunga pamoja nao.

Kisha mwezi wa pili ukakutana sokoni na mmoja wa akina mama waliofunga, akakushika mkono kwa furaha, akakuuliza, "Daktari wetu, zile karatasi zilirudi?" Ulirudi nyumbani, ukaniangalia tu. Jumapili ukasema umechoka. Jumapili nyingine ukasema una nguo za kufua. Baadaye hukuhitaji kusema kitu, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Miezi ile nilikuwa mkavu. Niliimba kwa mdomo tu. Nilipopiga magoti nilimwambia Mungu neno moja, umeniaibisha, umeniaibisha, mpaka siku moja nikiwa hapa natia uzi kwenye sindano nikajisikia mwenyewe. Maombi yote tangu matokeo yalikuwa yananihusu mimi. Jina lako lilikuwa humo kama kitambaa tu cha kunishonea nguo. Niliweka sindano chini nikalia, na yalikuwa machozi mazuri, ya mtu aliyeshikwa akiiba na akaona afadhali ameshikwa.

Hata hivyo sikujua niseme nini kwako. Ndipo Mungu akatuletea mbuzi.

Unakumbuka mvua za mwezi wa tano, huu udongo wetu mweusi ukiwa umeshika kila gari. Jumamosi asubuhi Mama Naisiae akaja kwenye ua akiwa matope mpaka magotini.

"Wairimu ako? Mbuzi yangu imekwama na mtoto. Daktari wa mifugo ako Kajiado, anasema barabara imeharibika, ati nimngoje kesho. Sasa hiyo mbuzi nayo itangoja kesho?"

Ulichomoka. Ulivuta nguo ya kwanza iliyokuwa nyuma ya mlango, ukavaa ukikimbia. Baada ya saa mbili mlirudi, na nikaona kilichokuwa mwilini mwako. Lile koti. Damu mpaka viwikoni, matope, na mambo mengine ya mbuzi ambayo sitayataja kwenye barua. Na mama yako, badala ya kuuliza habari, akapiga ukemi.

"Wairimu! Koti! Hilo koti limeombewa!"

"Mami, wako wawili," ukasema, unahema. "Mmoja alikuwa amegeuka. Nimemgeuza. Wote wako hai, na mama yao amesimama."

Mama Naisiae akaniangalia kama mtu anayeangalia mgeni. "Mama Wairimu, wewe unalilia nguo? Nguo inaoshwa. Mbuzi ikikufa, utaosha nini?" Kisha akachukua mikono yako, michafu vile vile ilivyokuwa, akaitemea mate kidogo ya baraka kama wazee wao wanavyofanya, akasema kwa jina la Mungu la Kimaasai, "Enkai imekupatia hizi." Ukacheka. Sikuwa nimekusikia ukicheka tangu matokeo yatoke, na sauti ile ilinipiga kifuani. Nilikuwa nimeyatafuta mapenzi ya Mungu kwako kwenye karatasi, kumbe unatembea nayo kwenye vidole na yana matope.

Kuna watu watakwambia, unaona, maono ya mamako yalitimia, si umekuwa daktari wa mbuzi? Usikubali. Hata mimi nilijaribu kulisema hilo, usiku huohuo nilimwambia babako, na babako akasema, "Mama Wairimu, hiyo ni pasi." Mtu huyu haongei kwa mwezi, halafu anaongea hivyo. Alikuwa sawa. Sikuona maono. Nilitaka kitu, nikakishonea mfuko, nikaandika jina la Mungu juu yake. Wiki iliyopita nimeyafumua yale maandishi ya DKT., nikaliacha jina lako peke yake. Matundu ya sindano bado yanaonekana ukiinamia. Koti liko kwenye kiti changu, ukilitaka kwa mazoezi ya huko chuo cha mifugo ni lako, usipolitaka nitalikata matambara na sitasema kitu.

Sasa nikusimulie ya jana, maana hukuwapo. Ulibaki nyumbani kwa sababu ulijua watawaombea wanaoenda vyuoni, na ulijua mama yako na kipaza sauti. Babako nilimwomba asikwambie, na kunyamaza ndicho kipaji chake. Kama ulimwona Mama Naisiae jioni akicheka peke yake kwenye zizi, ni kwa sababu hii.

Nikanyoosha mkono. Mchungaji akanipa kipaza sauti kama mtu anayempa mtoto kisu. "Mama Wairimu, dakika mbili. Tafadhali. Mbili."

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!"

"Leo sijaleta ushuhuda. Nimekuja kurudisha ule nilitoa."

Niliogopa, mimi ambaye sijawahi kuogopa watu. Nikawaambia Mungu hakunionyesha koti. Nikawaambia karatasi hazikusahihishwa upya, hakuna aliyepeleka ombi zisahihishwe, nilidanganya, na walishinda njaa bure. Nikasema mtoto wangu hakuanguka mtihani wowote, alifaulu wake, mimi ndiye nilikuwa nimemwandikia mwingine. Nikasema ameacha kuja hapa kwa sababu yangu, na nisameheni. Kisha nikamrudishia mchungaji kipaza sauti.

Mama Naisiae, aliyekuwa ameketi benchi la nyuma, akapaza sauti, "Sidai oleng'!" Yaani, vizuri sana. Mtu mmoja akacheka. Halafu mzee wa kanisa, yule anayekusanya viti, akasimama, akasema, "Basi na mimi nirudishe. Ile tumbaku nilisema nimewacha, iko hapa." Akaitoa mfukoni, tukaiona sote. Akasimama mama mmoja wa benchi la mbele, akasema aliwahi kushuhudia kwamba bwana yake ameokoka, lakini ukweli ni kwamba alikuwa anaharakisha. Bwana yake ameketi hapo hapo kando yake. Yule bwana akasema, "Mimi nilikuwa nakuja tu juu ya kwaya. Lakini leo wacha nifikirie." Wairimu, kanisa lilicheka mpaka watu wakashikana. Wengine walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja. Mchungaji akakunja karatasi za mahubiri yake, akasema yalikuwa ya ushindi na sasa haoni pa kuanzia. Tukaimba badala yake. Sijawahi kuona ibada tamu kama hiyo, na hakuna mtu aliyekuwa amefanikiwa.

Tulipotoka, mama mmoja wa vidonda vya tumbo alinikumbatia kwa nguvu, akaniambia, "Nilifunga na hili tumbo langu, Mama Wairimu. Utanipikia." Nitampikia Jumamosi. Wengine wakaniuliza, na Wairimu anaenda kusomea nini? Ulimi uliniwasha, unanijua. Nikawaambia, "Mkimwona mumuulize. Hiyo ni yake ya kusema." Babako akanionyesha saa yake. Nilikuwa nimetumia dakika nne.

Sikwambii haya ili urudi kanisani. Ningependa urudi, nisikufiche, ningependa mpaka kifua kinauma. Lakini hilo liko kati yako na Mungu, na mimi nimeshasimama katikati vya kutosha. Ninachokuomba ni kidogo zaidi. Huko uendako kuna siku utaanguka mtihani kweli. Kuna siku mnyama atakufa mikononi mwako na mwenyewe amesimama anakutazama. Kuna siku hutataka kuomba, na kuna siku utafanya jambo la kukuaibisha ambalo hata sitaki kulifikiria. Siku hizo usimfiche Mungu ukidhani atanyamaza na kukupa mgongo. Huyo hakuwa yeye. Huyo alikuwa mimi, mwezi wa kwanza, saa tano asubuhi, na pasi mkononi. Yeye alikuwa upande wa babako, amekushika bega lile lingine.

Siku ile nilipaswa kuiacha hiyo pasi iunguze nguo na nije nikukumbatie. Nisamehe, mwanangu. Ninakupenda, na nilikupenda hata wakati ule nilipokosa kuinua kichwa, lakini upendo usioinua kichwa haumsaidii mtoto, na ninajua hivyo.

Nilitaka kuificha barua hii ndani ya sanduku lako, uisome ukiwa mbali ambapo huwezi kuniona nikiona haya. Nimebadilisha nia. Nitampa babako akuletee sasa hivi, na mimi nitabaki hapa dukani, cherehani nimezima, nikikusikiliza ukigeuza kurasa. Ukimaliza, kama umenisamehe, njoo. Na kama bado hujanisamehe, njoo vile vile.

Mami